Kinu Hutangulia

Harufu ya nyasi za paa zilizokolea moshi wa jiko bado hunibana kifua. Nyumba yetu ya zamani, kilimani upande wa Kabambare, ilinuka hivyo masika na kiangazi, na ndani ya nyasi hizo waliishi kindi wangu wawili, Haya na Tulia. Baba aliwakuta kwenye mchikichi alipopanda kukata mikungu. Mama yao alikuwa amekwisha kunaswa na mtego wa jirani, nao walikuwa hawajaota manyoya sawasawa. Akanishushia wote wawili ndani ya kofia yake, akasema, "Shika, mama yangu. Wakikufia, usinililie mimi."

Hawakufa, ila woga wao ulikuwa wa kunitoa machozi. Nikikohoa tu, wanapotea paani. Mkono mtupu haulambwi, lakini hata wangu uliojaa karanga hawakuutaka. Kilichowashusha ni kinu. Mama alipotwanga mpunga, chenga ziliruka zikatawanyika chini, nao wakateremka na nguzo, hatua na kusimama, hatua na kusimama, mpaka miguuni pake. Nikajifunza kushika mchi, ingawa ulinizidi urefu. Msimu wa mavuno ulipokwisha, Haya alikuwa akila chenga kiganjani mwangu, moyo wake ukipigapiga kwenye vidole vyangu. Sijawahi kuaminiwa namna ile tena, hata na watoto niliowazaa.

Kisha ikaja amri ya serikali ya Wabelgiji: vijiji vyote vishuke vikakae kando ya barabara, ili watu wahesabike na pamba waliyolazimishwa kulima ionekane. Nyumba za zamani zingechomwa, mtu asije akarudi. Kwetu, mtu akihama, kinu hutangulia pamoja na mafiga, ili njaa isiingie nyumba mpya kabla ya mwenyewe. Basi alfajiri ya siku ile mama alijitwika kinu, akashuka nacho. Mimi nilibaki na baba, nikiwa na kitunga changu cha kuwabebea kindi, nina furaha kama mjinga.

Kapita, msimamizi wa kijiji, alifika na watu wake wakipiga kelele. Haya na Tulia wakazama ndani ya nyasi. Niliita, nikarusha karanga, wapi! Hapo ndipo akili iliponijia.

"Baba, kinu iko wapi?"

"Iko kule barabarani. Mama yako amekwisha kufika."

Nilichukua gogo nikapiga ardhi. Nikapiga ubao wa mlango. Haukuwa mlio wenyewe. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu, alimshika kapita mkono. "Ndugu yangu, ngoja kidogo. Mutoto iko na nyama yake ya kufuga mule mu manyasi."

"Leta haingoje nyama," kapita akajibu; Leta ndivyo tulivyoiita serikali. Hakunitazama. Nilimchukia, na bado namchukia kaburini mwake.

Moto ulipanda paa upesi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Ndipo Tulia akatoka ndani ya moshi, mgongo umeungua. Hakukimbilia porini. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye duara la udongo mgumu, mahali kinu kilipokuwa kikikaa, akasimama pale akingoja chenga. Nilimfunika kwa kitenge changu. Alikufa kabla hatujafika barabarani. Haya sikumwona tena.

Leo ninakaa Kasongo. Mpunga unakobolewa kwa mashine, paa ni la mabati, na wajukuu wanajivunia kwamba halivuji wala halikai wadudu. Kinu cha mama ninacho, wao hukikalia. Nimehama nyumba mara kadhaa, na kila mara kinu changu kimetoka mwisho. Mawifi walinung'unika kwamba ninaikaribisha njaa. Na ije. Vyombo vyote vikishatoka, hukitwanga kwanza, kitupu, halafu huinua uso nikasikiliza darini.