Kikombe Kizima cha Magadi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hata leo nikisikia harufu ya mbaazi jikoni, uso hunichoma. Nilikuwa bi harusi wa wiki tatu hapa Mbekenyera, na wajomba wa mume wangu walikuwa wanakuja kutoka Chiola kuniona. Unajua mambo yetu ya huku: mjomba akikukataa, umekataliwa.

Kwetu Malolo magadi tulitengeneza wenyewe. Tulichoma mabua ya ufuta, majivu tukayatia kwenye chungu chenye matundu, tukayamiminia maji, na yaliyochuruzika ndiyo tuliyopikia. Hayakuwa makali, kikombe kizima kiliingia sufuriani bila shida. Kwa mama mkwe nikakuta magadi ya dukani, unga mweupe laini. Nikaona haya kuuliza. Mke wa mtu, mtu mzima, nifundishwe magadi? Nikajaza kikombe, nikamimina.

Mwanangu, povu lilipanda likazima moto! Mbaazi zikawa uji wenye ladha ya sabuni, na wageni walikuwa wameshanawa mikono.

Mjomba mkubwa alionja, akasita. "Nani kapika?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe akanitangulia. "Kosa langu, kaka. Nimempa magadi ya dukani, kipimo sijamwonyesha."

Mjomba akacheka, akaomba chumvi na pilipili, akamaliza ugali wake.

Walipoondoka, mama mkwe aliniita jikoni. "Mficha uchi hazai," akaniambia. "Ungeuliza, nani angekucheka?" Akanionyesha: mbaazi, ncha ya vidole viwili tu; mlenda, pungufu ya hapo; maandazi, kijiko kidogo. Kisha akanipa magadi mengine nikasugulie masizi ya sufuria ile ile, na mkono wake ukasugua pamoja na wangu. Nililia, lakini si kwa aibu. Miaka mingi sasa amelala makaburini pale parokiani, na bado namshukuru kila nifunguapo kipakiti cha magadi.

Ninyi mna simu, mnauliza simu kila kitu. Sawa, lakini na mtu muulizeni, hasa mwenye jiko lake. Uliza kabla ya kumimina. Na mwenzako akiharibu mbele za watu, msitiri kwanza, umfundishe baadaye.

Mungu akupe mkwe kama wangu, mwanangu. Na akikunyima, basi akujalie uwe mkwe huyo wewe mwenyewe.