Blanketi Tatu za Bosibori

Cleophas Onyancha alikuwa dresa wa zahanati moja karibu na Sironga. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Daktari asipokuwepo alitibu yote, na daktari hakuwahi kuwepo. Miaka ile ya sitini, watu wa milima yetu waliishtaki baridi kwa kila ugonjwa, nayo haikupewa nafasi ya kujitetea.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 1968, aliitwa nyumbani kwa mama mzee Bosibori. Mjukuu wake Bonareri, mtoto wa miaka minne, alikuwa na malaria. Alilazwa kando ya moto chini ya blanketi tatu, meno yakigongana. Cleophas alimpa dawa, kisha akanyoosha mkono kuelekea blanketi.

"Ziache," Bosibori alisema. "Wewe umesoma, tata, baba yangu, lakini anayetetemeka ni yeye."

Hapo alisema kweli. Homa hupandisha kiwango cha joto ambacho mwili hujiwekea wenyewe. Kabla ya kukifikia, mgonjwa husikia baridi ya kweli, na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto linalotakiwa. Cleophas alikaa, akangoja. Mtetemeko ulipokwisha, ngozi ilikuwa kavu, moto kama chungu kilichoepuliwa.

"Sasa tumfunue, Magokoro," Cleophas alisema, akimwita bibi kama wajukuu wake walivyomwita.

"Nyasani nilimfunua." Huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza, aliyekufa mwaka uliotangulia. "Nilipomshika asubuhi alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Baridi ndiyo ilimuua."

Cleophas alijua kwamba baridi ile ilikuja baada ya kifo. Alijua pia kwamba hakuna bibi wa kuambiwa hivyo.

"Ingiza mkono chini ya blanketi," alisema. "Uniambie umeshika nini."

Bosibori aliuingiza, akauchomoa haraka. Akatoa blanketi moja. Ya pili aliitoa kama mtu anayetia kidole kwenye hati asiyoweza kuisoma.

Adhuhuri jasho likaanza.

"Maji yanamwishia!"

"Yakikauka yanaondoka na joto. Yaache."

Paji la uso likaanza kupoa. Bosibori, aliyeukumbuka ubaridi wa namna hiyo, aliivuta blanketi iliyobaki hadi kidevuni mwa mtoto, akaikandamiza kwa mikono miwili.

Bonareri alifumbua macho, akaipiga teke. "Joto, Magokoro! Toa!"

"Msikie anavyonijibu," Bosibori alimwambia Cleophas. Akaiokota blanketi, akaikunja juu ya zile mbili.