Uji mwepesi nusura unimalizie mama

Wakuu, habari za kwenu. Hii sikusimuliwa. Kijiko nilikishika mimi mwenyewe, kwa hivyo siongezi chumvi.

Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi zile za kubip. Kwetu ni Kalama, Machakos. Mama ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kwa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimba matuta shamba kwa shamba. Sauti yake ilikuwa inafika ng'ambo ya bonde.

Stroke, yaani kiharusi, ikachukua mkono wake wa kulia na maneno pia. Alielewa kila kitu, lakini akitaka kusema inatoka "ta ta ta", halafu analia.

Kumlisha ikawa kazi yangu. Na kwa akili yangu, mgonjwa hupewa uji mwepesi, si ndiyo? Akipaliwa, naongeza maji. Akipaliwa tena, naongeza tena!

Kifua kikamshika, akalazwa mara mbili. Daktari akaniambia wazi kwamba mara ya tatu huenda tusirudi naye nyumbani.

Akatutuma kwa speech therapist, dada mmoja aliyekuja hospitalini siku moja kwa wiki. Nilikasirika sana. Mama anakonda hivi, mnaniletea mwalimu wa kuongea?

Kumbe wakuu, hata kumeza ni kazi yao! Alimtazama mama akimeza mara tatu tu, akanigeukia.

"Huo uji wako unaingia kwa mapafu. Mpikie mzito, akae wima, kidevu chini, kijiko kidogo."

Niliona aibu, nikakosa pa kuangalia.

Kuhusu maneno, alisema tuanze na nyimbo. Mama, ambaye hakuweza kutaja hata jina langu, akaimba wimbo wa mwethya ubeti mzima! Nilipiga nduru wadi yote ikageuka. Kutoka siku hiyo, kila asubuhi tukawa tunagonga meza kwa mkono wake wa kushoto, neno moja kwa kila pigo.

Miezi miwili hivi baadaye, kifua kikiwa kimetulia, wenzake wa mwethya wakaja kumwona. Nikiwa jikoni nakoroga uji, shangazi, aliyekuja nao, kwa upendo wake akammiminia chai, nyepesi kuliko hata ule uji wangu wa zamani. Narudi, nakuta kikombe kiko karibu na mdomo wa mama.

Kabla sijasema kitu, mama akakisukuma. Akagonga meza.

"Hapana."

Akagonga tena.

"Uji mzito."

Wakuu, nililia mbele ya wageni na sikujali. Shangazi naye chai ile akainywa mwenyewe.

Funzo: mgonjwa wako akipaliwa kila mara, usijifanye daktari wa jikoni kama mimi, wala usiige uji wangu. Mpeleke akaangaliwe namna anavyomeza, kila mtu ana yake.

Nani mwingine amepitia haya? Andika hapa, nitasoma zote.

Na jina langu je? Alilitaja wiki hiyo hiyo ya wageni, kuniambia uji unaungua.