Askofu Niliyempa Mama Mkwe

Bora niwasimulie mwenyewe, maana mkiisikia kwa Limbu mtaisikia na chumvi nyingi, na aibu yenyewe ilivyo haihitaji kuongezwa kitu. Mimi Shija, muuza mbegu na dawa za pamba hapa Bariadi mjini, mtu mzima na duka langu, niliaibika mchana kweupe ukumbini, watu wamejaa, na niliaibika mbele ya mama mkwe.

Washenga wangu walikuwa wameshakwenda kwa kina Kabula, wakapokelewa vizuri, wakala wali na kuku, wakaambiwa jibu litakuja. Jibu likawa haliji. Kabula (ndiye mchumba wangu, yuko maabara hospitalini, na maneno yake ni machache) akaniambia, "Baba anasema hajakujua bado. Anasema mtu anajulikana kwenye chesi." Baba yake ni mwalimu mstaafu na kila Jumamosi wana klabu yao pale ukumbini. "Halafu hapendi vijana wa papara," akaongeza. "Anataka mtu mwenye subira."

Sasa mimi chesi nilikuwa naijua kama ninavyomjua jirani wa mtaa wa pili, yaani tunasalimiana tu. Nikamwendea Limbu, rafiki yangu fundi simu, ambaye pia ndiye mwamuzi wa klabu. Limbu akasema yule mzee ukicheza nyeupe ukaanza na askari wa mbele ya mfalme, yeye na nyeusi zake anajibu kwa Sisilia, huo ulinzi wa kusogeza askari wa upande wa malkia, na hajawahi kujibu kitu kingine.

"Sasa wewe usihangaike na chesi yote," akaniambia. "Jifunze dawa ya Sisilia tu. Na siyo ile ya vurugu, bwana, kuna ya taratibu. Unatoa farasi, unamtuma askofu wako akamkodolee macho farasi wake, ukimla farasi huyo, askari wake wanabanana. Halafu unatulia, unambana polepole mpaka akose pa kupumulia."

Jamani, niliipenda. Kwetu Mwamapalala nimechunga ng'ombe, na najua kumwingiza ng'ombe zizini bila kumpiga: unasimama tu pale anapotaka kupita. Nikajifunza kwenye simu dukani, mteja akiuliza dawa ya wadudu namwambia subiri kwanza nimweke askofu (wengine walisubiri, wengine wakaenda duka la jirani, ndiyo biashara). Mwisho nikawa nampeleka yule askofu huku nimefumba macho.

Jumamosi ikafika. Nikavaa shati jeupe, Limbu akanipangia kete nyeupe, watu wakajaa kwa sababu habari ilishatoka kwamba kuna mtu anachezea mke, na mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga mkuu, akakaa mstari wa mbele na kofia yake. Mlango ukafunguka, akaingia mama yake Kabula. Peke yake. Akamwambia Limbu, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, "Mwambie kijana mume wangu yuko msibani Ngulyati. Kiti chake nitakikalia mimi. Na jibu la washenga ninalo mimi."

Mjomba akavua kofia.

Kwa asiyejua, kwa ukoo wetu sisi mama mkwe hutazamani naye usoni, humgusi, huongei naye moja kwa moja, mpaka umpeleke mbuzi wa kuondoa aibu. Mbuzi wangu alikuwa bado yuko Mwamapalala anakula majani. Kukataa kucheza naye ni dharau, na kukaa tukatazamana ni dharau kubwa zaidi, basi nikafanya uamuzi mmoja mdogo ambao mpaka leo naujutia: nikageuza kiti upande, nikatazama dirisha.

"Mwangaluka, mayu," nikalisalimia dirisha kwa Kisukuma, yaani shikamoo mama, kwa heshima zote.

"Mwangaluka," dirisha likaitika.

Nikasogeza askari wangu. Akajibu Sisilia. Moyo wangu ukafurahi, nikasema moyoni, haya, hii ndiyo yenyewe. Nikatoa farasi, akatoa farasi. Ikafika zamu ya askofu. Nikamshika huku jicho moja liko dirishani, nikampeleka taratibu kwa ule mwendo wake wa mshazari, na kwa kuwa ubao nilikuwa nauona kwa ubavu, nikampitiliza nyumba moja (nyumba ni vile visanduku vya ubaoni), nikamwachia mdomoni kwa askari wake. Na kete ukishaiachia, umecheza.

Nikasikia, "Limbu, muulize kijana, huyu askofu ni zawadi?"

"Mama anauliza kama askofu ni zawadi," Limbu akaniambia, yuko karibu nami kama sikio.

Ningesema nini sasa? Ni mkwe. "Mwambie ni zawadi."

"Mwambie nashukuru," akasema, akamla.

Somo langu lote lilikuwa kwa yule askofu. Baada ya hapo nikawa sina hoja. Na saa ya mchezo nayo inakimbia, kwa sababu kila akicheza nasubiri kwanza arudishe mkono mapajani nisije nikamgusa, na yeye mkono wake hauna haraka. Katikati ya mateso hayo akasimama kujifunga vizuri kitenge. Mkubwa akisimama na wewe unasimama, nami nikasimama kwa adabu zangu zote, goti likapiga meza, kete zote chini.

Nikaenda chini ya meza kuokota. Nilipofika ndipo nikaona niko miguuni kwake, mahali pabaya kuliko kiti, nikafumba macho, nikawa napapasa sakafu. Nikashika kitu kigumu, nikadhani ni ngome. Kilikuwa kiatu. Hakuwa amekivua.

Ukumbi ulicheka mpaka mjomba akajifunika uso kwa kofia. Nilipotoka chini ya meza, mama alikuwa anarudisha kete moja moja mahali pake, kwa kichwa tu, hata ile nyumba ya askofu aliyekufa akaiacha wazi. Akacheza kidogo, akanifunga. Nikajua Kabula ndiyo basi tena, nikabaki natazama dirisha langu.

"Limbu," akasema, "mwambie kijana chesi hajui, na mume wangu nitamwambia hivyo hivyo." Akachukua mkoba. "Ila subira anayo. Washenga wake waje, tumekubali. Lakini yule mbuzi asisubiri harusi. Amlete wiki hii, maana nataka turudie, na safari hii nimfunge ananitazama."

Mbuzi nimeshampeleka. Kabula kila akipiga simu anaanza kwa kuniuliza siku ile nilikuwa natafuta nini kwa mama yake, nami namjibu ngome, halafu anacheka mpaka salio linaisha. Jumamosi hii ndiyo tunarudiana. Kiti nitakiweka sawasawa, mama nitamtazama usoni, na yule askofu, naapa mbele yenu, hatoki nyumbani kwake.