Mursik ya Sheikh Hamadi

Kaburi la Sheikh Hamadi liko pembeni mwa shamba la chai la Cherotich, juu kidogo ya Silibwet, na usimwulize mtu wa pale habari zake kabla hujaketi, maana kila msimulizi ana yake na zote ni ndefu. Wanasema ng'ombe hali nyasi zilizoota juu yake. Wanasema mvua ya mawe ikichapa chai ya kijiji kizima, pale hupita tu. Cherotich, aliyeolewa pale miaka mingi, ameona mawe hayo yakichapa kila mahali, kaburi na vyote, lakini hajamwambia mtu. Angeharibu hadithi tamu ili apate nini?

Mama mkwe wake alisimulia hivi: zamani za misafara, Sheikh alipita akielekea ziwani, akabisha hodi akiwa hoi. Akapewa mursik, maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Akanywa, akabariki boma, akafa papo hapo. Tangu hapo, kila mwaka baada ya Maulidi, Waislamu wa Kericho mjini huja kuzuru, na mwenye boma huwapa mursik. Familia ile ni ya kanisa hasa, lakini mgeni wa Sheikh hanyimwi.

Mwaka wa 1995 mama mkwe alifariki, na kazi ikamwangukia Cherotich. Alikuwa na hofu. Ikiharibika mikononi mwake, majirani wangesema desturi imezikwa pamoja na bibi kizee. Basi akachagua kibuyu kizuri, akakisugua, akajaza maziwa, akafunga. Tatizo ni kwamba mwaka uliotangulia wageni walikuja Agosti ikielekea kwisha, naye, ambaye tarehe hazikuwa kazi yake, akapiga hesabu hiyo hiyo. Krismasi haihami, nani angemwambia kwamba Maulidi huhama, yakifuata mwezi wa angani? Mama mkwe alikuwa akimwuliza Mwislamu mwenye duka la nguo pale Silibwet, wala hakumwambia mtu. Wazee nao kwa kuficha mambo!

Agosti ilikuwa mbichi bado, Cherotich yuko katikati ya chai yake na kikapu mgongoni, aliposikia kaswida ikitokea barabarani. Kibuyu alikuwa amekifunga juzi.

Alikimbia akawapokea, akawaketisha, akachemsha chai upesi. Wakasoma dua kaburini. Kisha Bi Mastura, mkubwa wa msafara huo, akakaa kwenye kigoda na kutazama mlango wa jikoni kama alivyozoea kila mwaka. Cherotich alitaka kulia. Akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mimi nimekosea," akasema. "Maziwa bado haijaiva. Nilidhani mnakuja mwisho wa mwezi kama mwaka ule."

Bi Mastura alicheka mpaka akashika goti. Akauliza marehemu alisimuliaje habari za Sheikh, na alipoelezwa akatikisa kichwa. Kwao, alisema, hadithi waliipokea kwa mpagazi wa Sheikh mwenyewe. Siku ile kibuyu kilikuwa ndiyo kwanza kimefungwa. Mama wa boma aliona haya, akamwomba Sheikh angoje. Wenzake walikuwa na haraka, wakatangulia, yeye akabaki. Maziwa yalipoiva alikuwa ameshajua majina ya watoto wote wa kilima kile, na homa ikamkuta hapo.

"Maziwa yangekuwa tayari, angekunywa akaenda zake," akasema Bi Mastura. "Sisi leo tungemzuru nani hapa?"

Akawageukia watu wake, akawaambia waende salama. Yeye atangoja.

Akalala kitanda cha marehemu. Akachambua maharagwe, akagombana na jogoo, akakosoa ugali. Jumapili Cherotich alirudi kutoka kanisani akamkuta amekaa kando ya kibuyu, anakilinda dhidi ya Kiptum, mume wa Cherotich, ambaye kwa mursik haaminiki hata kidogo. Kilipofunguliwa hatimaye, Bi Mastura alimeza funda la kwanza akafumba macho. Akasema imeshinda ya marehemu, ila asiambiwe. Cherotich akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Hakuwa amecheka hivyo tangu matanga.

Siku ya kuondoka, bibi huyo alimweleza mambo ya mwezi, kwamba kila mwaka aende akaulize dukani mapema. Cherotich akaahidi kwamba ataenda, hatarudia kosa.

Bi Mastura akajifunga shali vizuri kwa ile baridi, akamshika mkono.

"Uliza," akasema. "Halafu uchelewe kukifunga kibuyu, kama mwaka huu."