Kadi ya picha na sura ya Baba Kulwa

Leo nimemnyamazisha Rahim, mwenye duka la kompyuta hapa Kahama!

Mama Kulwa aliniletea pale dukani picha pekee ya marehemu mumewe, imechanika usoni. Basi lake la Runzewe linaondoka saa nane.

Nikaiskani, nikaiingiza kwenye kompyuta ili niiunge. Kila nikiisogeza, inachorwa upya mstari kwa mstari.

Nikazima, nikachomeka kadi ya picha, kile kibao kinachochora vinavyoonekana kwenye skrini.

"Mwalimu, hiyo ni ya michezo ya watoto!" Rahim akanicheka.

(Jamani, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa inapiga hesabu na kuchora peke yake. Sasa kadi inachora.)

Nikawasha. Sura papo hapo! Saa saba na nusu nimeshaiunga.

Mwambieni Rahim kitu, mimi nimemaliza.

Mama Kulwa alicheka huku akilia: "Baba Kulwa hajawahi kuitika haraka hivi!"