Transista Mbili za Stoo

Nilikubali kuzigawa zile transista mbili. Wajukuu wa dada yangu hunitetea, eti zama zilikuwa ngumu. Sitaki utetezi wao.

Nilikuwa fundi katika karakana ya umma hapa Morogoro mjini. Ziliwahi kuletwa redio za upepo mbili, zile za kuitana kwa sauti toka mbali, zilizokufa: moja ya zahanati ya Kisaki, nyingine ya zahanati ya huko juu Uluguru, kijijini kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuwa huko kwa mama yake, akingoja kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mzazi akizidiwa, gari la hospitali liliitwa kwa redio hiyo tu.

Ubovu ulikuwa kwenye pawasaplai, sehemu inayoilisha redio umeme. Ndani yake mna transista mbili zinazopokezana: hii ikipitisha umeme, ile inafunga. Katika kila redio moja ilikuwa imeungua. Mshale wa mita ulikimbilia sifuri hata nilipogeuza waya, dalili ya shoti. Mwenzake alipopimwa alionekana mzima, lakini nilijua ameumia. Hizo hubadilishwa zote mbili. Na stoo zilikuwa zimebaki mbili tu.

Nikamwambia mkuu wa karakana tuponye redio moja kabisa. Akauliza ipi. Nikasema ya mlimani.

“Ya wakweo, ndugu fundi?” akasema mkuu. Wenzangu wakacheka. “Kijiji kimoja kishibe, kingine kilale njaa? Gawa.”

Niliogopa kuitwa mpendeleaji, nikagawa: kila redio transista moja mpya, kando ya ile ya zamani. Nikaunga balbu kwenye njia ya umeme, kama tulivyopima siku zote. Kukiwa na shoti huwaka kwa nguvu. Ilimulika mara moja, ikafifia. Nikaandika kwa kila moja: imepona. Nilijua haijapona.

Wiki ya tatu, ile transista ya zamani ya redio ya mlimani ilipasuka, ikaiua na mpya. Siku mbili baadaye mke wangu akashikwa na uchungu. Muuguzi aliita, redio kimya. Wakambeba kwa machela kuteremka mlima.

Mkuu aliniletea karatasi iliyosema umeme ulizidi. “Tia sahihi, tukulinde.”

“Haukuzidi,” nikamwambia. “Nilifunga nzima na mgonjwa pamoja, nikijua.”

Nikaandika hivyo hivyo, nikafukuzwa kazi. Hilo sijalijutia hata siku moja.

Mtoto wetu, wa kike, alifia njiani, hata jina hajapewa. Mke wangu alipona, akasikia nilichokijua, na hakurudi kwangu tena. Sikupata mtoto mwingine.